Neno Walilolisikia Maksai

Sekondari tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyesema "bladi" kwa kila kitu: bladi chaki, bladi mvua, bladi nyie. Tulipekua kamusi tukakuta habari za damu, lakini yeye damu hakuiwaza hata kidogo. Kwake neno lile lilikuwa kama pilipili: si chakula, linakoleza tu hasira. Tusi ndilo, ila la mtu aliyechoka. Halivunji nyumba.

Nilirudi nalo nyumbani Mollo, nikalitumia kwa maksai. Wenzangu waliwaswaga wa kwao kwa Kifipa na mluzi. Wangu wasiposikia "Bladi!" plau haisogei. Mke wangu akalishika hivyohivyo, akijua ni lugha ya kulimia. Mimi nikawa nacheka moyoni, nikanyamaza. Maksai wale walizeeka, wakaja wengine, nao akawafundisha yeye. Ningemwambia tukiwa bado vijana, tungecheka yakaisha.

Majuzi jumuiya yetu ya kanisani ilimchagua kuwa mwenyekiti. Siku ya kulima shamba la jumuiya, padri akaja kutoka Kaengesa kubariki mbegu. Sala ilipokwisha, maksai wakagoma. Mke wangu, rozari shingoni, akapaza sauti: "Bladi! Bladi, wanangu!"

Wakaondoka mara moja. Padri akainamisha uso. Mwalimu mstaafu, jirani yetu, akaangua kicheko.

"Mwenyekiti, unatukana mbele ya Baba?"

Mke wangu akasimamisha plau, akanigeukia. "Kumbe ni tusi?"

"Ni tusi," nikasema, wote wasikie. "Yeye hajui. Nililileta mimi, na sikumwambia."

"Si zito, mama," padri akasema.

"Zito au jepesi, Baba, nimelisema mbegu hazijakauka maji ya baraka." Akawageukia wanajumuiya. "Mchagueni mwingine."

Wanawake wakamjia juu. "Thubutu! Akosee mzee wako, tukutoe wewe? Yeye na avute ng'ombe!"

Nikashika kamba, nikatangulia kuwavuta. Yeye alikuja nyuma na plau. Tulipofika mwisho wa shamba nikajitupa chini. Akanipa kibuyu cha togwa kabla hajanywa yeye.

"Kunywa, mzee wangu," akasema. "Upande ule bado."