Salamu ya Mama Bomani

Leo, kabla sijavaa joho la umeya, katibu wangu ameyeyusha lakiri ya kufungia bahasha. Harufu yake imenirudisha utotoni, kwenye baraza ya boma la Iringa lililonuka lakiri ya barua za serikali, sakafu ikinichoma nyayo kwa baridi.

Mama alikuwa amembebea baba kibuyu cha togwa. Baba alikuwa amefungwa humo ndani, na lori la kuwahamishia wafungwa Mbeya lilishaanza kunguruma. Mama hakujua Kiswahili. Karani, mgeni kutoka pwani, hakujua Kihehe.

"Mfungwa wako anaitwa nani?"

Mama akadhani anasalimiwa. Akapiga magoti, akaitikia salamu ya kwetu: "Kamwene."

Karani akapitisha kidole kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. "Hakuna Kamwene hapa, mama. Nenda nyumbani."

"Kamwene," mama akamwitikia karani tena, machozi yakimtoka. "Kamwene, baba."

Lori likaondoka. Baba hatukumwona tena.

Watu hunisifu kwamba ulimi wangu ndio ulionipa umeya. Siku ile nilikuwa nimeshamaliza mwaka mzima shuleni. Nilielewa kila neno la karani. Nikajificha nyuma ya kaniki ya mama, nikanyamaza.