Mama Aliniita, Sikuitika

Siku ile mama yangu alipoteremka kutoka milima ya Masisi kuja kuniposea mke hapa Goma, alikaa nami tangu asubuhi hadi alasiri bila kuniita jina lolote. Alisema "wewe", alinivuta shati, alinikoholea nilipompa mgongo, lakini jina hapana. Naikumbuka siku hiyo kuliko hata ile ya ndoa yenyewe. Nataka nikusimulie, mwanangu, wewe unayekuja kwangu ukinung'unika kwamba wazazi walikupa jina la kuchekwa.

Mimi naitwa Kabwa. Hapa kwetu jina hili halihitaji mkalimani. Kwa Kinyarwanda cha nyumbani ni mbwa mdogo, na Mhunde, Mnande, hata mtu aliyetoka Kisangani jana, akilisikia anakisia bila kuambiwa. Sijawa mzee wa kutembelea fimbo, nimepita arobaini tu, lakini nimelala katika miji mingi, na kila nilipofika nililazimika kulisema mara mbili. Mara ya kwanza mtu anadhani natania. Mara ya pili ananitazama usoni kana kwamba naumwa.

Kabla yangu mama alizaa watoto ambao hawakufikia umri wa kutembea. Nilipozaliwa mimi, nyanya yangu, mama wa baba, alinifunika kitambaa kichakavu akasema mtoto huyu asisifiwe, wala asipewe jina zuri. Kifo kikipita mlangoni kikauliza nani yumo ndani, kiambiwe yumo kabwa tu, kiendelee na safari yake. Walikuwa Wakristo, kanisani hawakukosa, na katekista alinuna wiki nzima. Lakini nyanya alikuwa amechoka kuona vikaburi vikichimbwa nyuma ya nyumba. Jina likabaki, na mimi nikabaki.

Hayo niliyajua kama unavyojua wewe habari za kwenu: nusu sikio. Nilipoletwa Goma kusoma, nilikaa mtaa wa Mabanga kwa shangazi yangu muuza unga wa muhogo, ambaye wote tulimwita Tantine. Siku ya kwanza shuleni watoto walinibwekea hadi kengele ikalia. Kesho yake Tantine alifunga meza yake ya unga, akanishika mkono, akaenda kuniandikisha upya. Nikawa Patrick. Alifanya hivyo kwa upendo, na mimi nililipenda jina hilo kama mtu anavyopenda viatu vipya. Nilikuwa Patrick wa mpira, Patrick wa kwaya, na nilipompenda msichana wa Himbi, mtaa wa wenye nazo, aitwaye Solange, kwao walinijua kama Patrick.

Solange mwenyewe nilimwambia. Tulikuwa tumekaa juu ya mawe meusi kando ya ziwa. Alicheka kidogo, akaacha, akanitazama.

"Kwetu usiseme kwanza," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Goma, ambamo "wa-" huwa "ba-". "Papa iko mukali. Bakuzoee, kisha utasema."

Basi siku ya posa ikafika, mama akateremka na lori la viazi, kitenge chake kipya amekikunja ndani ya mfuko ili kisichafuke. Tantine alipokuwa akimpigia pasi kitenge hicho, alimwambia kwa upole, "Mama, tafazali, kule Himbi leo ile jina hapana. Umuite Patrick."

Mama alijaribu. "Pati... Patiriki." Akatabasamu, akajaribu tena, akatikisa kichwa. "Haikubali mu kinywa yangu. Basi nitanyamaza."

Hakuna aliyeona kwamba hilo lilikuwa jambo zito. Mimi nilikuwa nahangaika na tai.

Kwao Solange walikuwa wamefunga hema uani, viti vya upande huu vikitazamana na vya upande ule, kama inavyotakiwa kwetu. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu Papa Deo, fimbo mkononi, na alipenda kazi hiyo kupita kiasi. Msemaji wao hakumwacha apumue.

"Munatafuta nini huku?"

"Tulikuwa tunapita, muzee, tukasikia harufu ya chakula."

"Basi mukule, muende!"

"Tukishakula hatuendi. Kuna kitu tumeona ndani."

"Mumeona mu madirisha ya batu? Leteni kasiksi ya faini!"

Watu wakacheka, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, na wazee wakaendelea kuchokozana kuhusu ng'ombe, kuhusu mababu, kuhusu nani alimsalimia nani kwanza. Ndipo bibi yake Solange, mama wa baba yake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha chini akiwa na shali mabegani, akagonga sahani kwa kijiko.

"Nimechoka kusikia banaume banajisifu," akasema. "Mimi nataka mama yake amuite, nimuone akisimama."

Lazima nikueleze, maana ninyi wa mjini mmeanza kusahau. Kwetu mzazi akikuita kwa jina, huitiki "ee" wala "nini". Unaitika "Karame!", yaani uishi miaka mingi. Unainuka, unakwenda. Mtoto hujifunza hilo kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo ombi la bibi lilikuwa jepesi kabisa, na hata lilikuwa la kutuheshimu. Ila nilimwona Tantine akiishika chupa yake ya soda kwa mikono miwili.

Mama akasimama. Akamtazama Tantine. Midomo yake ikatafuta lile jina jingine, haikulipata. Kisha akaita, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniitia toka ng'ambo ya bonde nikichunga:

"Kabwa! Yewe Kabwa!"

Mwanangu, uliwahi kusikia watu hamsini wakicheka kwa pamoja chini ya hema? Kaka yake Solange, kijana wa kupenda mzaha aitwaye Rodrigue, alipaza sauti toka nyuma: "Abweke basi, tumusikie!" Na msemaji wao akaongeza, "Papa Deo, tuliomba bwana-arusi, mumetuletea mulinzi wa kiwanja!"

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Lile neno "Karame" lilikuwa limeshafika kooni, nikalimeza. Nilijiambia nikinyamaza watadhani mama ameita mtu mwingine.

Mama aliendelea kusimama. Hakujua aketi au aite tena.

Baba yake Solange akainua mkono, kicheko kikaisha. Alikuwa mtu wa ofisi, mkimya, mwenye miwani. Akamgeukia mjomba wangu, akauliza kwa "njo" yetu ya Goma, yaani "ndiye".

"Kabwa njo nani?"

"Muzee, njo huyu Patrick. Ile ni jina ya nyumbani tu, ya mambo ya zamani..."

"Kwa hiyo njo yeye."

"Njo yeye, muzee."

"Na mama yake amemuita."

"Ndiyo."

"Na masikio iko nayo."

"Iko nayo."

Ndipo akanigeukia mimi. Sikutegemea alichosema.

"Kijana, jina haina shida kwangu. Hata mimi nilitoka kwenye ile milima, naijua sababu yake. Lakini mama yako amesimama mbele ya batu, amekuita, na wewe unaangalia viatu. Siku moja binti yangu atakuita, iko na shida, na batu banacheka. Utaangalia viatu tena?"

Akamwambia msemaji wao, bila hasira, "Batu bakunywe, barudi salama. Tutaongea siku ingine."

Kwetu maneno hayo ni kukataliwa kwa adabu, kila mtu aliyekuwa pale alielewa. Pazia la mlango wa nyumba lilikuwa limefunguliwa kidogo, nikaliona likishuka. Solange alikuwa nyuma yake. Tantine alianza kulia kimyakimya, na Papa Deo, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa akiichunguza fimbo yake.

"Kaa chini, wewe," bibi akamwambia mwanawe, na yule mtu wa miwani akakaa. Kisha bibi akamwangalia mama yangu, akashusha sauti hadi ikabidi tuinamishe vichwa kumsikia.

"Ulizika wangapi mbele yake?"

Mama alinyanyua mkono, akafungua vidole vitatu.

"Na huyu akabaki."

"Akabaki," mama akasema.

"Mimi nilizika babili. Wa kwanza tulimupa jina nzuri sana, majirani balikuwa banakuja kuisikia tu." Hakulitaja. "Kama ningejua, ningemuita kitu chochote. Ningemuita matope. Ili abaki tu."

Bibi akanielekezea kidole.

"Na wewe. Tangu mumeingia hapa nimemuangalia mama yako. Hajakuita hata mara moja. Mumemufunga kinywa, si njo hivi? Mutu alikubali kuchekwa na kijiji muzima ili wewe uishi, leo munamuambia anyamaze sababu ya batu ba Himbi?" Akavuta shali yake. "Muite tena, mama. Mimi nasikia vibaya."

Safari hii mama hakupaza sauti. Aliniita taratibu, kana kwamba niko karibu naye kwenye mkeka.

"Kabwa."

"Karame!"

Sauti ilinivunjika kama ya mvulana. Niliinuka vibaya hata kiti kikaanguka, nikapita katika ile nafasi ya kati ya familia mbili ambayo bwana-arusi haruhusiwi kuikanyaga kabla ya kukubaliwa, hadi mwisho wa safu yetu alikokuwa mama, nikapiga magoti juu ya changarawe nikamshika mikono. Ilikuwa baridi. Aliniita tena, polepole, kwa ajili yetu wawili tu. Hakuhitaji jibu, lakini nilimjibu.

Baba yake Solange alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akamwambia msemaji wao, "Hawa batu bametudanganya. Bamekuja na babwana-arusi babili, Patrick na Kabwa. Balipe kasiksi ya kila mumoja."

Papa Deo aliwatuma vijana kabla sentensi haijaisha. Hapo nikajua nimepewa mke.

Tangu siku hiyo Solange ananiita Kabwa, na akiniita Patrick najua nimekosea jambo. Rodrigue hunibwekea kila sikukuu hadi leo, naye ana mvi. Miguu yangu haikutulia: nimefanya kazi Butembo, Bunia, Bukavu, nimekaa mitoni kwenye mashua za mizigo, narudi Goma na baada ya mwezi naanza tena kutazama barabara. Kote huko nimechekwa. Lakini nimegundua kwamba wanawake wazee hawacheki. Mmoja Butembo, muuza makaa, alilisikia jina langu, akaacha kupima, akaniuliza tu, "Mama yako bado iko?" Siku hiyo alikuwa bado yuko. Sasa hayuko. Nikiwa mji wa watu nikasikia mama anaita mtoto wake aingie ndani, huwa nageuka, ingawa najua si mimi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Jina lako likichekwa, usilikimbie kabla ya kwenda kumuuliza aliyekupa: mwaka ule nyumbani kulikuwa na nini? Huenda utasikia jambo zito, nawe utahitaji kukaa chini. Huenda utaambiwa tu kwamba baba alisikia jina la mgeni fulani redioni likampendeza. Hata hilo lipokee, ni furaha yake ya siku uliyofika. Ukitaka jina jingine la shule au la kazini, liongeze. Patrick alinivusha masomo na simdharau. Ila usimfunge kinywa yule aliyekuita wa kwanza, maana utakuwa umemnyang'anya kitu ambacho hana namna nyingine ya kukupa. Na wewe ukisikia jina la mwenzako likakuchekesha, cheka kama kicheko kimekutoroka, kisha uulize, na usikilize jibu hadi mwisho. Zaidi ya yote, ukiitwa na mtu wako mbele ya wanaokudharau, itika kwanza. Aibu utaishughulikia baadaye, nayo ni ndogo kuliko unavyofikiri.

Mungu aliyekujua kabla ya majirani zako akulinde unapokwenda na unapolala. Akupe nyumba ambamo unatajwa kwa upole, akupe watoto wa kuwapa majina na wote uwaone wakikua, akuzeeshe vizuri, mwanangu. Amina.