Alama Chini ya Kidevu cha Baba

Mwaka wa vita vya maji nilikuwa msichana wa kutosha kuolewa. Tulikaa Mohoro. Baba alikuwa akiwauzia mchele watu wa boma. Mama alikuwa Mmatumbi, na ndugu zake wa milimani walikuwa wanapigana na Wadachi, wale Wajerumani wa boma, wakijinyunyizia maji ya dawa yaliyosemwa kugeuza risasi kuwa maji. Basi baba alipokufa ghafla, askari wa boma aliyekuja hakuuliza mara mbili.

"Kanyongwa," alisema. Alikifungua kitambaa cha kaniki alichofungwa baba, akaona mstari chini ya kidevu. "Wewe mwanamke, ndugu zako wamekutuma."

"Wangenituma ningeanza na wewe."

Nilimfinya mama. Watu walikuwa wanatiwa kitanzi kwa maneno madogo kuliko hayo.

Maiti hufungwa taya mdomo usibaki wazi. Askari alikuwa Mwislamu, alilijua hilo. Mama alikuwa amekikaza sana kile kitambaa, maana mdomo wa baba ulikuwa umekwenda upande.

Lakini baba alikuwa mtu wa kuwalisha bomani, akaitwa mganga wa Kidachi. Alifunua kope za baba, akatazama ndani. Akaufuata mstari kwa kidole: ulipanda mashavuni, haukuzunguka shingo. Kisha akamtoa mama nje, akanibakiza mimi. Kiswahili alikijua.

"Asubuhi baba yako alikuwaje?"

"Alikuwa anakunywa uji. Bakuli likamponyoka."

"Mkono upi?"

Mimi nilikuwa nimekaa nikimwelekea baba, kulia kwake kushoto kwangu. Nikikosea, mama amekwisha. Nikahama, nikakaa alivyokaa baba, nikainua mkono.

"Huu, wa kulia. Akasema, maneno hayaeleweki. Tukajua kapigwa na upepo mbaya. Akalala, hakuamka."

Akanitoa, akamwita mama, akamuuliza vilevile. Mimi huko uani situlii, nakanyaga mpunga ulioanikwa.

"Kaa chini!" askari akanikaripia. "Kitanzi cha mama yako bado kinangoja."

Mganga akatoka. "Aliyenyongwa huwa na vitone vya damu machoni. Huyu hana. Mshipa umepasuka kichwani. Mwache mkewe."

Akaenda zake. Askari hakubanduka mlangoni. Wazee wa kuosha walikuwa wamekwisha kuingia ndani, mama akaja na mtungi. Askari akainua bunduki.

"Maji ya nini hayo?"

"Ya kuoshea maiti. Umeambiwa uniache, niache. Pisha."

Akapisha, lakini alirudi nyuma kinyumenyume, asilowe.