Kitabu Nilichompa Raya

Mwanangu, niliposikia umekabidhiwa kabati la vitabu pale skuli, na kwamba watoto wanagombania hadithi za majasusi, ilinijia siku moja ambayo sijapata kuisahau. Kaa kidogo nikuhadithie. Kosa lilikuwa langu, na sitaki ulirudie.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikimsaidia Bi Shirin kwenye maktaba yake ndogo ya mtaa wa Kiponda. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa mjini, mwalimu mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Hakuazimisha kitabu asichokisoma mwenyewe. Hadithi za ujasusi alizipenda mno, ila alizipanga kwa umri: rafu ya chini ya wadogo, ya kati ya waliokwisha kupata akili kidogo, na ile ya juu hakuna aliyeigusa mpaka aulizwe yeye. Mimi niliona anajisumbua bure.

Basi kulikuwa na mtoto wa Chukwani akiitwa Raya, wa miaka tisa, mwepesi wa kusoma ajabu. Siku hiyo Bi Shirin hakuwepo. Raya akanijia akaniambia, "Dada Asha, za chini nshazisoma zote. Mie nataka za kweli."

Nilifurahi, nikajiona mwalimu hodari. Nikapanda kiti, nikamshushia kitabu kinene cha historia ya majasusi wa vitani. Ndani yake mlikuwa na habari za mtu aliyeishi na majirani miaka mingi, akiwasalimia na kuwazika, kumbe akiwapelekea maadui siri kwa redio. Aliyemtaja kwa serikali ni mwanawe wa kumzaa. Baba akanyongwa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba babake Raya alikuwa fundi redio. Kila alasiri alikaa na visikizio masikioni, akitafuta stesheni za mbali, na kila akiipata moja huandika namba zake kwenye daftari.

Baada ya wiki moja mamake alikuja na kitabu mkononi. Alisema Raya hali, hasemi na babake, na mlango ukigongwa hutetemeka. Asubuhi ile walimkuta kisimani: amelitumbukiza daftari la babake, naye ameinama akilitazama likizama. Kidogo tu angelifuata.

Nilianza kujitetea. Nikasema mtoto huyu anasoma vizuri kuliko wa darasa la saba. Bi Shirin, siku hiyo akiwepo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Kusoma anaweza, Asha. Akishamaliza kusoma, nani atakuwa karibu naye?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile, uso hunipata moto.

Mchana huo huo tulikwenda Chukwani. Nilidhani Bi Shirin atamwambia mtoto kwamba yote yale ni uongo, amtulize yaishe. Hakufanya hivyo. Alikaa naye mkekani, akamwomba amweleze kila alichokiona kwa babake, naye akaeleza: visikizio, namba, mlango unaofungwa, na kwamba daftari alilizamisha asije babake akanyongwa. Bi Shirin akamsifu kwa jicho lake kali, akamwambia kwamba aliyeona vizuri bado hajajua, mpaka aulize. Kisha akamwita babake.

Baba yule hakugomba. Alimvisha Raya visikizio, akageuza kitufe taratibu, mpaka sauti ya mtu akisoma taarifa ya habari ikatoka. Akamwandikia namba ya stesheni ile kwenye karatasi. Raya aliitazama karatasi, akamtazama babake, akaanza kulia huku amemkumbatia shingoni.

Nilimwomba baba yule radhi kwa daftari lake, kazi ya miaka. Akanijibu, "Namba nitazitafuta tena. Huyu ndiye nisingempata mwengine."

Tulipoondoka, Bi Shirin alimwachia Raya kitabu cha maandishi ya siri, namna ya kuficha barua ndani ya barua. Mamake alitwambia baadaye kuwa baba na mwana waliandikiana mafumbo mwezi mzima. Na Raya alipofika miaka kumi na minne, Bi Shirin mwenyewe alimshushia kile kitabu kinene, wakakisoma pamoja, wakabishana alasiri nzima juu ya yule mtoto aliyemtaja babake. Sijaona mwalimu mwengine kama yule.

Kwa hiyo, mwanangu, wadogo wape mafumbo, wino usioonekana na kujibadilisha sura, hadithi ambazo mwisho wake kila mtu hurudi kwao salama. Wakikua kidogo, wape zile za rafiki aliyedanganya, wajue uaminifu una thamani gani. Historia ya kweli ina vifo na usaliti. Usiwafiche wakubwa, lakini wafunze kuuliza aliyeiandika alikuwa upande gani. Na usitazame miaka peke yake. Muulize mtoto nyumbani kwao kuna nini, anaogopa nini. Kisha, akirudisha kitabu, usikitie rafuni tu. Mkalishe akuhadithie alichokiona humo.

Mungu akupe subira aliyompa Bi Shirin, akufungulie vifua vya watoto wakuamini, na kila kitabu kitakachotoka mkononi mwako kiwe kheri katika nyumba kinayoingia. Amin.