Ajali ya Saa ya Ijumaa

Idrisa Faki, dereva wa familia ya Onyango huko Abu Hamour, ughaibuni kwenye nchi ya Waarabu, alitaka kitu kimoja tu: kazi ya kuendesha basi la shule Umm Salal. Shule ile ikifungwa kiangazi, madereva hupewa likizo waende kwao. Binti yake alikuwa ameanza kutembea kule Pemba, kisha akaanza kusema, na yote hayo Idrisa aliyaona kwenye simu aliyopigiwa na mkewe, Warda. Meneja wa mabasi alishamjaribu barabarani akaridhika. Kilichobaki ni kuangalia rekodi yake ya ajali, na Idrisa hakuwahi kupata ajali hata moja.

Waajiri wake walikuwa watu wa kwetu, na hilo ndilo linaloniuma. Rodney Onyango ni mtaalamu wa kompyuta. Mkewe, Kerubo, ni nesi. Nyumbani mwao Idrisa aliitwa ndugu. Alipozidiwa na joto la Julai akalazwa, Kerubo alikaa naye mchana kutwa kama dada yake. Kijana wao Bradley, wa miaka kumi na minane, alimwita anko na kumtania kila walipotoka: "Anko Idi, unaendesha kama umebeba mayai."

Bradley alipopata leseni, kampuni ya bima ilieleza kwamba dereva wa umri huo akiingizwa, bima ya gari itakaribia kuwa mara mbili. Wazazi wakaliacha jina lake nje. Haendeshi, walisema. Funguo za gari zikaendelea kuning'inia mlangoni.

Ijumaa moja, siku ambayo huko hata makanisa husali, familia ilirudi mapema kutoka kanisani. Idrisa akiwa msikitini, Bradley akachukua gari. Saa ya hotuba barabara huwa nyeupe, na kijana akaona hapo ndipo pa kukanyaga mafuta. Kwenye mzunguko gari likamshinda, akagonga nguzo ya taa. Mbele ya gari pakakunjika. Yeye akatoka bila mkwaruzo.

Idrisa alipotoka msikitini alimkuta Onyango anamsubiri. Njiani akaelezwa: bima hailipi kwa dereva ambaye hawakumwandikisha, kijana ataharibikiwa angali mdogo, na kwa vyovyote ni nguzo tu, hakuna aliyeumia. Kerubo alikuwa analia kando ya gari. Idrisa amelelewa kwamba ukiiona aibu ya mwenzio, unaisitiri. Na mama huyu alikuwa amemsitiri yeye kitandani. Akakubali kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, bila kuombwa mara ya pili.

"Asante sana, ndugu yangu," Onyango akamwambia. "Sasa toa hiyo kanzu kabla polisi hajafika."

Akaivua, akabaki na shati na suruali alizovaa ndani. Kofia akaitia mfukoni. Bradley alikuwa anatazama simu yake.

Wiki iliyofuata meneja wa mabasi, mzee wa Kisudani, aliisoma ripoti ya ajali mbele yake. Akasema nguzo anaisamehe, kila dereva ana nguzo yake. Kisha akaweka kidole kwenye saa.

"Ijumaa, wakati wa swala, ulikuwa unaendesha?"

Msikiti mzima ungeweza kumshuhudia Idrisa. Lakini kusema kweli kulikuwa kukiri kwamba alimdanganya polisi, na kumtia Kerubo mashakani.

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa barabarani."

Mzee hakumkaripia. Alisema tu kwamba watoto wa watu humkabidhi mtu anayejua kusimama swala inapofika, na kazi ikaishia hapo.

Kisha ikafika siku ya kulipia bima upya. Onyango alimwita Idrisa sebuleni, akamkaribisha chai. Bima ilikuwa imepanda kupita hata ile ya kumwandikisha Bradley, kwa sababu nyumba ina dereva mwenye ajali. Wamefikiri, akasema, ni afadhali wamtoe yeye, kwenye bima na kazini pia, na kumwingiza Bradley, ambaye rekodi yake ni safi.

"Usinielewe vibaya, ndugu yangu. Ni ile ajali yako."

Idrisa alimtazama Kerubo. Kerubo akaanza kukusanya vikombe, na chai bado haijanywewa.

Sisi tuna maneno makali kuhusu mabosi wa nchi za watu. Tunayaandika na kuyasambaza mpaka usiku. Kwa huyu aliyemla mwenzake huku akimwita ndugu, tumeandika nini?

Bradley ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, kwa gari lile lile, limeshatengenezwa. Binti sasa angemwona baba, mikono mitupu. Njia nzima kijana hakutania. Aliendesha polepole, kama amebeba mayai.