Waya wa Indiketa

Kila kesi ilipoanza, Kuo Shu-fen aliulizwa ametokea wapi kikazi, na kujieleza kulikuwa kumemchosha. Alianzia kiwanda cha breki huko Taichung, akaenda chuo cha uhandisi, ndipo akaingia kwenye kuchunguza ajali.

"Kumbe ni fundi pikipiki tu!" wakili wa mwenye lori akamkebehi.

"Nilikuwa nazitengeneza," akajibu taratibu. "Siku hizi naitwa zikishakufa."

Hakimu akamkubali kuwa shahidi mtaalamu. Lori lilimgonga na kumuua kijana aliyekuwa akikata kona kwa pikipiki, na wakili alishikilia kwamba kijana hakuwasha indiketa. Shu-fen akaeleza kuwa waya mwembamba ndani ya balbu ya taa iliyozimwa hukatika mkavu, lakini wa taa inayowaka hulainika kwa moto, na ukipata kishindo huvutika. Wa indiketa ya pikipiki ile ulikuwa umevutika.

Nje, mama wa marehemu akamshika mkono. "Kwa hiyo mwanangu aliwasha?"

"Aliwasha, mama."

"Kila asubuhi nilimpigia kelele, washa indiketa, naye ananiambia, mama, umenichosha." Akajifuta uso. "Kumbe alikuwa akinisikia."

Shu-fen akaketi naye kwenye benchi, mkoba mzito mapajani, mpaka kilio kikapungua.