Leso Iliyojaribiwa kwa Maji

Kwa jina la Mola aliyemfundisha mwanadamu kufuma, naandika mimi, mzaliwa wa Lamu na mkazi wa mtaa wa Satellite.

Juma lililopita nilikuwa katika duka la leso mjini, akaingia mama mmoja aliyevaa sare ya kiwanda cha nguo.

"Mzee, leso za hapa Kenya ziko wapi?"

"Chukua ya Japani, mama," akasema mwenye duka. "Za hapa zinatoka rangi."

"Za hapa nafuma mimi. Zikikosa mnunuzi, naachishwa kazi, narudi kwetu Kakamega. Wenzangu wa zamu ya mchana wamesharudi."

"Mimi nauza tu, sibishani."

"Basi leta maji."

Likaletwa bakuli. Alichovya pindo la leso ya hapa, akalikamua juu ya kitambaa chake cheupe cha kichwa. Kitambaa kikaingia wekundu.

"Si nilikuambia?" mwenye duka akacheka.

Mama hakucheka. Alikikunja kitambaa taratibu. "Jumatatu hiki kiko mezani kwa fundi wa rangi kiwandani, na haondoki mpaka anijibu. Hii leso nifungie, nimenunua."

Wapo watakao bidhaa za ng'ambo zizuiwe, na wapo watakao ziingie tele, mnyonge apate rahisi. Mimi niko na mama huyu, kwa kuwa anatutaka tununue kazi yake na haogopi ipimwe. Nami, katika kanzu yangu ya kitambaa cha ng'ambo, nilimnunulia mke wangu leso ya hapa, nikamwomba aifue mbali na nguo nyingine.

Mola awabariki mlionisoma, na asiikatie riziki mikono inayofuma.